Kanzu ya baba imekuwa ndefu, kumbe baba ndiye aliyefupika (wanaume na maradhi ya mifupa)

#1 Mtoto wa Wete (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wana jukwaa. Maelezo marefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, umri wake miaka 71, anaishi Wete, Pemba. Mie niko mjini Unguja, huenda kumwangalia kila baada ya miezi miwili mitatu. Kanzu zake za Idi hushonewa na fundi mmoja tu, ni yule yule tangu niko skuli. Safari hii nikampelekea fundi kitambaa, nikamwambia ashone kwa kipimo cha mwanzo. Baba alipoivaa, pindo likaburura chini kama la bwana harusi aliyeazima nguo. Yeye hapendi kanzu ivuke vifundo vya miguu. Akaudhika, akasema fundi kazeeka, macho yameondoka.

Nikarudi kwa fundi na maneno yangu mdomoni. Fundi hakubisha. Akavuta daftari lake, lile lililolika pembe, akalamba kidole akafunua mpaka kwenye mstari wa baba. Limeandikwa inchi 58. Chini yake 57, na pembeni kwa peni nyekundu "imepunguzwa". Chini yake tena 57, "pindo inchi moja na nusu". Akanambia: "Mwanangu, hii ni mara ya tatu nakata kanzu ya baba yako. Umenambia kipimo cha mwanzo, nami nimekupa cha mwanzo. Mimi sikukosea. Kampime mtu."

Nikampigia simu dada anayekaa naye. Ndo akakumbuka kwamba miezi minne nyuma baba aliinama msalani kunyanyua ndoo ya maji, tena si ya kujaa, akasikia kitu mgongoni kimefanya "ka!" kama kijiti kikavu. Akalala siku tatu. Wakamkanda kwa mafuta ya karafuu, akameza vidonge vya maumivu, akaamka. Sote tukasema kiuno cha uzee.

Tukampeleka spitali, akapigwa eksirei ya mgongo. Daktari akatuonyesha pingili mbili, pale mgongo unapokutana na kiuno, zimebonyea upande wa mbele kama mkate uliokaliwa. Hakuanguka. Hakugongwa na gari. Ndoo tu.

Kisha daktari akauliza suala ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mwalimu, unakunywa dawa gani?" Baba akataja ya presha. Dada akafungua mkoba, akatoa kifuko cha nailoni chenye vidonge vidogo vyeupe. Prednisolone ya miligramu 5. Baba ana pumu. Aliandikiwa vidonge vile mara moja, vya siku tano, miaka tisa nyuma. Kifua kikafunguka, akaona hii ndiyo dawa. Tangu hapo akawa anajinunulia mwenyewe duka la dawa, viwili kila asubuhi kifua kikibana, na kifua kilikuwa kikibana miezi mingi ya mwaka. Hakuna aliyemwomba cheti.

Jina la maradhi ni osteoporosisi. Mfupa unapoteza madini yake kimya kimya, ndani unabaki na matundu kama sponji, na mwenyewe husikii kitu mpaka uvunjike. Nilidhani ni maradhi ya bibi zetu. Kuna mwengine humu yamemkuta mzee wake wa kiume? Na nini nifanye nisichokijua?

#2 Mzee wa Kete

Yakhe pole sana, Mungu amponye mwalimu. Lakini tusitishane. Wazee wetu wote walipinda migongo na wakafa na miaka tisini. Babu yangu Konde alipanda mikarafuu mpaka ana miaka sabini. Haya ya mifupa kuoza ni ya wanawake wakishafunga hedhi, ndivyo nijuavyo mie. Mwanamme mfupa wake ni mfupa.

#3 Dokta wa Zamu

Mzee wa Kete, shikamoo. Nusu ya maneno yako ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayotuponza.

Kweli wanawake wanaugua zaidi, na kweli wao mifupa yao hushuka ghafla hedhi inapokoma. Mwanamme huanza na mfupa mnene zaidi, na hana siku ya kushuka ghafla. Anapungua polepole. Lakini hesabu inayotumika duniani ni hii: kwa wanawake waliovuka miaka 50, mmoja katika watatu atavunjika mfupa kwa sababu ya maradhi haya. Kwa wanaume ni mmoja katika watano. Chukua baraza lako la kete, hesabu waliokaa.

Tena mwanamme akivunjika nyonga hufa zaidi ndani ya mwaka wa kwanza kuliko mwanamke aliyevunjika nyonga hiyo hiyo. Hafi kwa mfupa. Hufa kwa kulala: nimonia, vidonda vya mgongo, damu kuganda. Na huwa keshakuja na maradhi mengine mwilini.

Kuhusu wazee waliopinda migongo: ule mgongo haupindi kwa uzee peke yake. Mara nyingi ni pingili zilizobonyea moja baada ya moja, na pingili nyingi hubonyea bila ya mtu kujua. Ukiona mtu mzima amepungua kimo sentimita nne au zaidi toka ujana wake, huyo anataka eksirei ya mgongo. Mtoto wa Wete, 58 mpaka 57, kisha pindo inchi moja na nusu: baba yako kapungua kiasi cha sentimita sita. Fundi wako kafanya kazi yetu.

Sasa jambo kubwa kwa wanaume. Mwanamke mara nyingi sababu ni umri na homoni. Mwanamme ukimkuta na maradhi haya, karibu nusu ya mara utakuta kuna kitu nyuma yake. Kwa hiyo hatupewi ruhusa ya kusema "uzee" tukamaliza. Tunatafuta. Prednisolone na ndugu zake, yaani dawa za steroidi (deksa, deksamethasoni, pia imo humo), ndiyo ya kwanza kutafutwa. Mtu akizitumia miezi mitatu au zaidi, hata kwa dozi ndogo ya miligramu mbili na nusu mpaka tano kwa siku, mfupa unaathirika, na upotevu mkubwa huwa ni katika miezi ya mwanzo. Halafu tunatafuta upungufu wa homoni ya kiume, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, figo, dawa za kifafa kama fenitoini, pombe, sigara, wembamba wa kupindukia. Na kwa mzee mwenye pingili iliyobonyea, lazima ipimwe damu kuhakikisha si saratani ya uboho wala ya tezi dume iliyotembea.

ONYO, na hili nisomeni mara mbili: mtu aliyezoea prednisolone kwa muda mrefu asiache ghafla leo kwa sababu kasoma uzi huu. Mwili wake umeshasahau kutengeneza homoni yake ya namna hiyo. Akikata ghafla anaweza kuanguka kwa presha kushuka na akafa. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari, huku pumu ikitibiwa kwa dawa ya kuvuta.

#4 Karafuu Mbichi

Dokta, mie nina suala la kijinga. Deksa si ile wanayokunywa watu kunenepa?

#5 Dokta wa Zamu

Ndiyo hiyo hiyo, wala suala si la kijinga. Uso unajaa, shavu linang'aa, mtu anasifiwa kwenye harusi. Ndani mfupa unaliwa. Na kuna chupa za "mitishamba ya mgongo na magoti" zinazouzwa, ukinywa siku mbili unaruka kama mbuzi. Dawa ya mti haifanyi hivyo kwa siku mbili. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zilipopimwa zimekutwa zimetiwa steroidi ndani.

#6 Fundi Pindo

Mie nashona Darajani, si huyo fundi aliyetajwa, lakini nacheka peke yangu hapa. Wateja wa namna hii ninao. Ila dokta, tahadhari: wengine kanzu inakuwa fupi mbele na ndefu nyuma, hao si mifupa, ni tumbo. Wa mifupa kanzu hushuka pande zote na mabega huja mbele, shingo ya nyuma inaachia nafasi ya kuingia kidole. Nilikuwa nadhani wanasimama vibaya nikawa nawaambia "mzee, jinyooshe". Astaghfirullah.

#7 Bi Mwana wa Mtoni

Naomba niulize kwa sababu nimeshtuka. Mume wangu ana saratani ya tezi dume. Anadungwa sindano kila miezi mitatu, walitwambia ni ya kuzuia homoni za kiume. Huu mwaka wa pili. Anapata joto la ghafla kama mie nilivyopata, tukawa tunachekana. Hakuna aliyetutajia mifupa hata siku moja. Mwezi uliopita kajikwaa kizingitini kavunjika kifundo cha mkono. Ina uhusiano?

#8 Dokta wa Zamu

Bi Mwana, pole sana, wewe na yeye. Uhusiano upo. Hizo sindano zinafanya kazi nzuri juu ya saratani, asiziache. Lakini zinamtia mwanamme katika hali ile ile mnayoijua nyinyi baada ya hedhi kukoma, ndiyo maana mkachekana. Mfupa unashuka kwa kasi tangu mwaka wa kwanza.

Na kuvunjika mkono kwa kujikwaa nyumbani, kwa mtu mzima, hakuitwi bahati mbaya. Kipimo chetu ni hiki: ukianguka kutoka kimo chako ulichosimama, si juu ya mti wala ngazi, mfupa mzima haupaswi kuvunjika. Ukivunjika, uchunguzwe. Safari ijayo mwambie daktari wake maneno haya matatu tu: kavunjika, sindano, mifupa. Aulizie kipimo cha uzito wa mifupa, vitamini D, na kama anahitaji dawa ya kulinda mifupa sambamba na sindano.

#9 Mtoto wa Wete

Hicho kipimo sisi tumeandikiwa tukapime Dar. Baba anasema hapandi boti kwa ajili ya picha, keshapigwa picha. Nini tofauti na eksirei?

#10 Dokta wa Zamu

Eksirei ya kawaida huona mfupa uliovunjika. Udhaifu wenyewe haiuoni mpaka mfupa uwe umeshapotea mwingi, kiasi cha theluthi hivi. Kipimo kinachoitwa DEXA (hakihusiani na kidonge cha deksa, majina tu yamegongana) mtu hulala kitandani dakika chache, mkono wa mashine unapita juu yake, hakuna sindano wala kuingizwa katika tundu. Kinapima nyonga na uti wa mgongo. Jibu huja kwa namba. Kuanzia toa moja (-1) kwenda juu ni sawa. Kati ya toa moja na toa mbili na nusu mfupa umepungua. Toa mbili na nusu kwenda chini ni osteoporosisi.

Lakini mwambie mwalimu hivi: pingili zake zimeshabonyea kwa ndoo ya maji. Maradhi tayari yameshajitambulisha, hayangoji namba. Kipimo kitasaidia kujua kiasi, na kujua miaka miwili mbele kama dawa inafanya kazi. Matibabu yasingoje boti.

#11 Kijana wa Amani

Wakubwa shikamooni. Mie nina 24, nanyanyua vyuma, nakunywa protini. Naogopa bure au?

#12 Karafuu Mbichi

Wewe unaogopa kuoa tu 😂

#13 Dokta wa Zamu

Kijana wa Amani, wewe ndiye mwenye faida kubwa humu. Mfupa unajijenga mpaka karibu miaka thelathini, baada ya hapo unatumia akiba. Vyuma ni vizuri, mpira wa Maisara ni mzuri, kupanda ngazi na kubeba mizigo ni kuzuri, kwa sababu mfupa hujijenga unapobebeshwa. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo na pumzi, ila maji yanakubeba wewe, kwa hiyo mfupa haupati kazi. Sigara acha. Na ukisikia mtu wa vyuma anakuuzia sindano za kujaza misuli, ondoka mbio.

#14 Mzee wa Kete

Haya dokta nimekusikia. Sasa tuambieni chakula, maana huku kila mtu atasema maziwa, na maziwa bei yake mnaijua. Si tunakunywa tui kila siku?

#15 Nesi wa Chake

Niachieni hili, dokta apumzike.

Mzee wangu, tui si maziwa. Weupe tu. Kalsiamu ndani ya tui ni kidogo sana, unaweza kula wali wa nazi, samaki wa nazi, maharage ya nazi na mkate wa kumimina siku moja, mifupa isipate kitu. Hili nalisema kila kliniki na kila siku kuna mtu anashangaa.

Mtu mzima wa kiume anahitaji kama miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, akivuka 70 ni 1200. Kikombe cha maziwa au mtindi kina kama 300. Vikombe viwili kwa siku, hata kimoja kikiwa kwenye chai, umeshapiga hatua. Kilichobaki usiende mbali: dagaa. Wale wakavu wanaoanikwa, wale wale watu wanaowaita chakula cha kuku. Kalsiamu imo katika miba yao, kwa hiyo dagaa mzima aliwe mzima, usikae kumtoa miba. Bakuli la dagaa wa kukaanga na ndimu linafanya kazi kubwa. Ufuta nao mzuri, kashata za ufuta au ukasage kwenye mchuzi. Majani ya mlonge pia. Mchicha tuleni kwa mengine, ila wa jamii ya spinachi kalsiamu yake hushikwa na tindikali iliyomo, mwili hauipati vizuri.

Vidonge vya kalsiamu ni vya kujazia pale chakula kisipofika. Si pipi. Kupita kiasi kunaleta mawe ya figo, na hapa kwetu mawe tunayo ya kutosha.

Jua: tuko kwenye digrii sita tu kutoka ikweta, na bado watu wanapungukiwa vitamini D. Mzee anatoka nyumbani na kanzu, kofia, anakwenda msikitini kwenye kivuli, anakaa baraza lenye kivuli, anarudi. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi juani, na ngozi ya mzee inatengeneza kidogo kuliko ile ya kijana. Asubuhi akae uani na fulana na kikoi, mikono na miguu wazi, nusu saa hivi, siku kadhaa za wiki. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki. Na mzee mwenye mifupa iliyokwishavunjika jua peke yake halimtoshi, daktari atampa vidonge vya vitamini D.

Kahawa ya baraza sina ugomvi nayo. Vikombe kumi ndo nina ugomvi navyo.

#16 Mjukuu wa Muunga

Marehemu babu yangu alikuwa akiunga mifupa, watu wakimfuata mpaka kutoka Makangale. Nisikilizeni wanaukumbi. Mkono wa mtoto, mguu wa kijana aliyeanguka kwenye mkarafuu msimu wa uchumaji, aliunga na wakapona. Lakini mzee akiletwa kwenye kitanda cha kamba, mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umelala kwa nje, babu hakumgusa. Alisema: "Huyu nyonga. Nyonga si yangu." Akiwaambia wapeleke spitali siku hiyo hiyo.

Siku hizi nawaona wanaojiita waunga wanamkanda mtu wa namna hiyo wiki tatu. Mtu anapiga kelele mtaa mzima unasikia.

#17 Dokta wa Zamu

Allah amrehemu babu yako. Nyonga iliyovunjika hupasuliwa, na bora iwe siku hiyo au ya pili yake. Kila siku inayopita kitandani inakula uhai wa mzee. Na mgongo uliobonyea nao usikandwe kwa nguvu, wala usikanyagwe na mtoto mdogo kama tunavyofanya majumbani.

#18 Binti Mkunazini

Mie nitasema la nyumbani tu. Baba yetu tunakaa naye ghorofa ya pili Mji Mkongwe, ngazi zile mnazijua, unapanda kama unapanda mnazi. Alianguka mara mbili mwaka jana. Hakuanguka kwenye ngazi! Mara zote alianguka usiku akienda msalani. Tezi dume imemvimba, anaamka mara nne tano. Umeme umekatika, mkeka juu ya malumalu unateleza, kandambili zimelowa, maji ya udhu yamebaki sakafuni.

Tulichofanya: mkeka tumeutoa njiani kabisa. Taa ya betri ukutani inayojiwasha umeme ukikatika. Fundi katupigia bomba la chuma ukutani msalani la kushikia. Kandambili tumezitupa, anavaa viatu vya mpira vyenye kisigino cha kushika. Na kopo la haja ndogo kando ya kitanda, alilikataa mwezi mzima kwa aibu, sasa analiita "mlinzi". Na daktari alituambia dawa ya tezi dume na ya presha zote zinaweza kumtia kizunguzungu akisimama ghafla, kwa hiyo anakaa ukingoni mwa kitanda, anasoma Ayatul Kursiy, ndo anasimama. Kisomo kinatosha muda kabisa.

#19 Mtoto wa Wete

Binti Mkunazini, hilo la Ayatul Kursiy nimempelekea dada sasa hivi.

Naleta habari. Baba kaanzishiwa alendronate, kidonge kimoja kwa wiki, miligramu 70. Figo zilipimwa kwanza, zikawa sawa. Vitamini D ilikuwa chini, kapewa. Prednisolone inapunguzwa taratibu, kapewa dawa mbili za kuvuta na nesi kamfundisha kuvuta kwa kutumia chupa ya plastiki iliyotobolewa. Mwalimu mzima wa skuli kavuta vibaya dawa yake ya zamani miaka tisa, alikuwa anapuliza ulimini tu! Ndo maana pumu haikutulia, ndo maana akakimbilia vidonge. Hili linaniuma kuliko yote.

Suala langu: hicho kidonge cha wiki ameambiwa anywe asubuhi tumbo tupu. Ramadhani je?

#20 Dokta wa Zamu

Suala zuri. Sharti zake ni hizi: tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu (si chai, si kahawa, si maziwa), kisha nusu saa asile wala asilale chini, akae wima au atembee. Kikikwama kooni kinachoma umio. Kalsiamu asiinywe pamoja nacho, aiweke baadaye siku hiyo.

Ramadhani, siku moja ya wiki aamke mapema zaidi kabla ya daku, anywe na maji, akae kitako na tasbihi yake nusu saa, kisha ndo daku liingie. Magharibi sipendi, ingawa tumbo ni tupu. Atakunywa maji, mkono utakwenda kwenye tende, na kuna kusujudu papo hapo, kichwa kinakwenda chini ya tumbo. Akiona tabu kabisa, kuna dawa ya dripu ya mara moja kwa mwaka, zoledronic acid. Siku moja mbili baada ya ile ya kwanza mtu huweza kupata homa na maumivu ya viungo, kisha yanapita.

Pia: kabla ya kuendelea mbele, meno yake yaangaliwe. Kama kuna la kung'oa, ling'olewe mwanzo. Kuna tatizo la mfupa wa taya, ni nadra, lakini kinga yake ni hiyo. Na dawa hii si ya milele. Baada ya miaka mitano hivi daktari hutazama upya kama iendelee au ipumzishwe.

#21 Mzee wa Kete

Na sala je? Wanasema mwenye mgongo huo asiiname.

#22 Nesi wa Chake

Kuinama mbele kwa mgongo uliopinda ndiko kunakobonyeza pingili, hasa ukiwa umeshika kitu. Kwa kunyanyua, apige magoti kwanza au achuchumae mgongo ukiwa umenyooka, kitu akikumbatie kifuani. Ndoo isijae. Bora zaidi ndoo iwekwe juu ya stuli asiinamie kabisa. Kwa sala, wiki za maumivu asali juu ya kiti, dini imempa ruhusa. Baadaye mtu wa mazoezi ya viungo atamtazama anarudi vipi. Na asikae tu! Kutembea kwenda na kurudi msikitini ni dawa, na mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma.

#23 Mtoto wa Wete

Kiti kakikataa. Anasema vijana aliowafundisha wote wanasali nyuma yake, wamuone kakaa? Imamu kamjia nyumbani, wamezungumza saa nzima mlango umefungwa. Ijumaa iliyopita dada kanambia kaenda na kiti chake mwenyewe, kile cha mbao alichokuwa akikalia darasani, kabebewa na mjukuu.

#24 Bi Mwana wa Mtoni

Nimerudi kushukuru. Nilimwambia daktari maneno matatu kama nilivyofundishwa. Akanyamaza, akafungua faili, akaandika vipimo. Vitamini D tumeshapima, iko chini. Boti Jumatatu kwa kile kipimo kingine.

#25 Mzee wa Kete

Nimejipima mlangoni na mke wangu kashika rula. Kitambulisho changu cha zamani kilisema 174. Tumepata 171. Naambiwa nisubiri hadi nne? 😅

#26 Dokta wa Zamu

Usisubiri, mzee wangu. Njoo na orodha ya dawa zako zote, hata zile za kwenye kifuko cha nailoni.

#27 Mtoto wa Wete

Kanzu mpya imekatwa, 55 na nusu. Daktari kasema kimo kilichokwenda hakirudi. Fundi kauliza kitambaa kilichobaki akifanye nini, baba kasema akishone kofia.